Ogaka ya Nyanya na Maziwa ya Mama

"Jani moja tu, anti. Hata nusu."

Jirani yangu hapa Migori, mama kijana anayeuza mitumba sokoni, alisimama mlangoni pangu Jumamosi moja asubuhi. Mtoto wake alikuwa amemng'ang'ania kifuani kama aliyebandikwa kwa gundi. Jicho la mama lilikuwa kwenye alovera yangu, ile niliyoipanda ndani ya mkebe wa rangi pale barazani.

"Umeungua?" nikamuuliza.

"Sijaungua. Nataka kumpaka huyu mlafi." Akajigusa titi. "Ameota meno, ananiuma, na haambiliki. Mama mkwe amesema nipake hiyo kitu mara moja tu, atakimbia mwenyewe. Atajua hajui!"

Akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilimwambia aingie, aketi, chai ilikuwa imeiva.

"Kwani ni sumu, anti? Si kila mtu hupaka?"

"Keti kwanza."

Akaketi. Nikamweleza pole pole namna ya kumwachisha mtoto ziwa bila uchungu wowote: kupunguza mara za kunyonya, moja baada ya nyingine, kumpa uji kabla hajaanza kulia, kumwachia baba au dada ambebe saa ile aliyozoea kunyonya. Aliondoka bila jani, ameridhika, mtoto bado anavuta. Lakini nilimpa nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine haimfai mama mwenye mtoto mapajani. Hiyo nitakupa wewe, rafiki yangu.

Nililelewa Kisegi, upande wa Suba Kusini, kwenye boma lililokaa mteremkoni, ziwa likionekana chini kama bati jipya. Wazee wetu walizungushia boma lile ukuta mfupi wa mawe, na juu ya mawe hayo ilimea ogaka. Ndivyo tunavyoiita kwa Kijaluo. Kwa Kiswahili ni mshubiri, na siku hizi kila mtu, hata mchuuzi wa Oyugis anayeuza sabuni za urembo, anaiita alovera. Yetu haikuwa hasa kama hii ya mikebe. Ilikuwa ya mwituni, nene, yenye meno makali pembeni, na wakati wa kiangazi ilitoa maua mekundu yaliyojaa ndege wadogo wenye midomo mirefu. Ukipita ukutani bila kuangalia, ilikuchana mguu.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia uwanja, kisha kuwafukuza kuku wasile omena, dagaa wa ziwa letu, iliyoanikwa juu ya nyavu kuukuu. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena inayokauka, masikio yangu husikia na sauti: ufagio wa matawi ukikwaruza udongo, kuku wakilalamika, na nyanya akikoroga uji wa wimbi jikoni huku akiongea na moto. Nyanya, mama yake baba, tulimwita Dani. Aliongea na moto, akaongea na sufuria, akamkaripia paka kama mtu mzima aliyemkosea.

Siku moja sufuria hiyo ya uji ilinimwagikia mkononi. Nililia mpaka majirani wakatoka. Dani hakukimbilia jani. Alinishika kiwiko, akautumbukiza mkono wangu ndani ya ndoo ya maji na kuushikilia humo kwa muda mrefu sana, akiniimbia. Ndipo akaenda ukutani, akakata jani moja nene, akalisimamisha wima ndani ya bakuli kama mshumaa. Maji ya manjano yakaanza kuchuruzika kwenye mkato.

"Hayo usiyaguse," akasema. "Hili jani ni nyumba ya watu wawili. Mkali anakaa mlangoni, mpole anakaa ndani. Mwache mkali atoke kwanza."

Yale ya manjano yalipokwisha kutoka, aliliosha jani, akalimenya, na ndani mkawa na kitu kinachong'aa kama kioo, baridi, chenye utelezi. Hicho ndicho alichonipaka. Nikikuonyesha mkono wangu leo utatafuta kovu usilione. Nawe ukitaka kuitumia ile ya barazani kwako, fuata njia hiyo hiyo. Maji safi ya baridi kwanza. Usifanye haraka ya kupaka. Acha manjano yachuruzike, osha, menya, kisha jaribu kidogo kwenye ngozi isiyoungua uone kama itakuwasha. Moto ukiingia ndani, au malengelenge yakiwa makubwa, achana na jani, nenda hospitali.

Wala Dani hakumtupa yule mkali. Kuku walipoanza kusinzia na kuinamisha shingo wakati wa ugonjwa, aliponda jani zima na kulitia kwenye maji yao. Wengine walipona na wengine hawakupona, lakini ikifika msimu huo kila boma pale kwetu lilifanya vivyo hivyo. Na kazi nyingine ya mkali ilikuwa kuwaachisha watoto ziwa.

Hiyo ilikuwa kama sherehe ndogo ya wanawake. Mama akishakubali, Dani alikata jani, akamwita jirani yetu, mama mnene aliyekuwa na kicheko cha kuamsha mbwa, na wote wakajazana jikoni kutazama uso wa mtoto. Mtoto alikimbilia titi kama kawaida, akavuta mara moja, akasimama. Macho yakamtoka, ulimi ukatoka, akamtazama mama yake kama mtu aliyeibiwa na ndugu. Hapo jikoni hapakukalika kwa vicheko. Mtoto akapewa uji, akapakatwa, akabembelezwa, na habari ikaishia hapo. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo. Walinisimulia mara nyingi kwamba nilitema, nikafuta ulimi kwa kanzu ya Dani, kisha nikaomba uji kwa sauti ya kuamuru.

Basi akaja mdogo wangu wa kiume. Rafiki yangu, yule mtoto alipenda kunyonya. Alikuwa na tumbo la duara na nyayo pana, na alipotembea uwanjani ulisikia pa, pa, pa, kama mtu anayepiga chapati. Popote Mama alipokaa, kisimani, chini ya ukuta, hata kanisani kwenye benchi la mbele, alijipenyeza ndani ya leso na kukaa humo. Mama alikuwa msichana bado, nikifikiri sasa. Alikuwa akimtania, "Wewe utaoa na bado unanyonya."

Siku moja Dani alimwona Mama akigeuka na kutema mate kwa sababu ya harufu ya omena. Akaweka ungo chini.

"Umeshapata mwingine," akasema.

Mama akainamisha kichwa.

Ni lazima nikueleze hapa, maana kila kitu kinasimama juu ya hili. Kwetu waliamini kwamba mwanamke akishika mimba huku ananyonyesha, maziwa yake huharibika. Ni maziwa ya yule aliye tumboni, wakasema, na huyu aliye nje akiyanyonya atakonda, ataharisha, atakufa. Hakuna aliyelisema hilo kwa ubaya. Lilisemwa kama unavyosema mvua italowesha nguo. Kwa hiyo mdogo wangu alitakiwa kuachishwa siku hiyo hiyo.

Wakajazana jikoni. Dani akapaka. Mtoto akaja, pa, pa, pa, akavuta. Uso ukakunjika kama karatasi. Mwili wote ukamtetemeka. Tukangoja ateme.

Akavuta tena.

"Wee!" jirani akapiga makofi. "Huyu ni dume! Anakula ogaka kama miwa!"

"Kama baba yake," shangazi akadakia, dada yake baba aliyekuwa amekuja kutembea. "Yule hata akinywa chang'aa hakunji uso."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata Mama alicheka, na mtoto alipoona watu wote wanafurahi, akacheka naye, mdomo umejaa rangi ya manjano. Dani peke yake hakufurahi sana. Alijulikana kwa kazi hii na hakuwahi kushindwa.

"Jani lilikuwa jembamba," akasema. Akaenda kutafuta nene zaidi.

Ndivyo siku ile ilivyokwenda. Kila mtoto alipolilia titi, walipaka upya. Alilia, akanyonya, akalia, akanyonya. Wengine wote tuliwahi kuonja na kukimbia, hivyo hakuna aliyekuwa amewahi kufikiri inakuwaje kwa mtoto asiyekimbia. Sisi tuliionja tu ile dawa. Yeye aliimeza.

Kesho yake akaanza kuhara. Mwanzoni walisema ni meno. Kisha nguo zake zilipojaa ukuta mzima, zikianikwa juu ya miiba ya ogaka, Dani akasema kwa sauti ya chini, "Ni maziwa ya mimba yanayomtoka." Wakamzuia titi kabisa, Mama akajifunga leso kifuani kwa nguvu. Wakamnyima na maji mengi, kwa kuwa waliogopa kwamba maji yangeongeza kuhara. Mdogo wangu akaacha kulia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, namna boma lilivyokuwa kimya.

Walipomfikisha zahanati nilikuwa nao, nimebeba kikapu chenye nguo zake. Muuguzi alikuwa mwanamke mpole. Alimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama.

"Amekula nini huyu?"

"Uji tu," Dani akajibu. Kisha akaongeza bila kumtazama Mama, "Na maziwa ya mimba."

"Kitu kingine? Dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hakuna."

Wala hakusema uongo. Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi na sijaona uongo ndani yake. Dawa ilikuwa kitu unachompa mgonjwa anywe. Ogaka ile haikuwa dawa wala chakula. Ilikuwa njia ya kulifunga ziwa, kama unavyofunga mlango kwa komeo. Nani atamwambia muuguzi kwamba mtoto amekula komeo?

Muuguzi alijaribu. Alimdondoshea maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa kijiko, akamtafuta mshipa mkono huu na mkono ule, mguu huu na mguu ule. Mishipa ilikuwa imejificha. Mchana wa siku hiyo mdogo wangu akafa mikononi mwa Mama, na leso ya Mama ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa yaliyokosa mnywaji.

Mazishini shangazi alimwinamia Mama na kusema, watu wakisikia, "Ungengoja kidogo tu, wifi. Ungengoja." Jirani mwenye kicheko alisema hayo hayo ziwani, penye mawe ya kufulia. Baba hakusema kitu, na kutosema kwake kulisikika boma zima. Dani alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi, na hakuna hata siku moja aliyomtukana Mama. Lakini alipowaonya wanawake vijana wengine, alimtolea mfano, na Mama akiwa hapo hapo akichambua mboga. "Huyu ndiye anayejua maziwa ya mimba yanafanya nini."

Dada yangu alipozaliwa, Mama hakumnyonyesha mbele ya watu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akageuza mgongo, na kabla ya kumpa mtoto alikamua matone ya kwanza kiganjani. Akayatazama. Akayanusa. Nilimchungulia nikidhani ndivyo wanawake wote hufanya. Alifanya hivyo kwa kila mtoto aliyemfuata.

Dani aliaga dunia nikiwa shule ya upili. Nilimlilia kama nilivyomlilia mdogo wangu, na nikuambie wazi kwamba mpaka leo nikiungua namsikia akisema maji kwanza, jani baadaye.

Miaka ikapita, nikaolewa Migori, nikajiunga na wahudumu wa afya wa kujitolea, wale wanaotembea nyumba hadi nyumba. Tukaitwa semina katika ukumbi wa kanisa huko Rangwe. Mwalimu wetu, mama mmoja mchangamfu, aliweka mkebe wa alovera mezani na kutuuliza nani hana mmea huu nyumbani. Hakuna aliyeinua mkono. Basi akaanza kueleza. Ute mweupe wa ndani ni wa ngozi. Maji ya manjano yaliyo chini ya ganda ni kitu kingine kabisa. Yakinywewa husokota tumbo na kuharisha vibaya, hukausha maji ya mwili, na mwenye mimba asiyaonje, na mtoto mdogo asikaribiane nayo. Msichemshe mkanywa, akasema, hata kama mmesikia inaponya kila ugonjwa. Wenzangu wakacheka, wakataniana kuhusu mabibi waliokunywa na kulala chooni.

Mimi niliinua mkono. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Mwalimu, na mtoto anayenyonya huku mama yake ni mjamzito? Yale maziwa?"

"Hayana ubaya wowote," akasema. "Yanaweza kupungua, ladha ikabadilika kidogo. Mama ale vizuri, mtoto aongezewe chakula, na aende kliniki kama mimba ina matatizo. Lakini maziwa ya mimba hayajawahi kuua mtoto, mama. Kwa nini unauliza?"

Nikasema nimeuliza tu. Nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji.

Siwezi kuapa mbele yako kwamba ni ogaka iliyomuua mdogo wangu. Watoto waliharishwa na mambo mengi kwetu. Tulikunywa maji ya ziwa, na nzi walikuwa wengi. Labda yalikutana mawili matatu. Lakini nililijua moja bila shaka yoyote, kwamba hayakuwa maziwa. Na kulijua hilo kulinitesa, maana nikimwondolea Mama mzigo ule, nitamtwika nani? Nitaupeleka juu ya kaburi la mwanamke aliyenibeba mgongoni. Nilikaa na jambo hilo msimu mzima wa mvua.

Mwaka jana nikaenda Kisegi. Mama anaishi peke yake sasa, dada na kaka zangu wametawanyika. Jiko la Dani lilishaanguka. Mawe ya ukuta yamebebwa yakajengea msingi wa duka, na ogaka iling'olewa yote ili nyaya za umeme zipite. Hakuna anayeanika omena uwanjani. Nilimkuta Mama anachagua maharagwe kwenye ungo, nikaketi kando yake na kuanza kumsaidia.

"Mama, unakumbuka ile ogaka aliyopakiwa mdogo wangu?"

Mikono yake ikasimama.

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyomweleza mtu yeyote, pole pole, nikianza na jani: kilicho ndani, kilicho chini ya ganda, kinachotokea kikimezwa. Nilipomaliza aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa.

"Unaniambia mama mkwe wangu alimuua mtoto wangu?"

"Hapana, Mama. Alifanya kama alivyofanyiwa yeye. Hakuna aliyejua."

"Vizuri. Kwa sababu alilia kuliko mimi."

Akachagua tena maharagwe, kidogo. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na maziwa?"

"Maziwa yalikuwa mazuri."

"Hata ya mimba?"

"Hata ya mimba."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nikamwambia alichosema mwalimu, neno kwa neno, kwamba hayajawahi kuua mtoto. Akataka nirudie na hapo. Nikarudia. Aliweka kiganja kifuani, pale pale alipokuwa akijifunga leso, na akakaa hivyo akitazama uwanja mtupu, upande ambao zamani palikuwa na jiko.

"Shangazi yako alikwenda kaburini," akasema. "Yule jirani alikwenda. Dani alikwenda, na baba yako." Alikuwa akiwataja mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango wa kubisha. "Sasa nimwambie nani?"